Prosesa huria tuzipime kwa uhai wa programu zake

Maabara ya chuo kikuu inapotangaza prosesa mpya ya chanzo huria kwa ajili ya ukokotoaji sambamba, namba ndiyo inayotangulia. Hutajwa mabilioni ya hesabu kwa sekunde, hutajwa hesabu kwa kila wati, kisha hufuata jedwali la kuonyesha kwamba mshindani ameachwa nyuma. Namba hizo kwa kawaida ni za kweli, na waliozipima ni watu makini. Tatizo ni kwamba zinapima kitu chenye maisha mafupi. Wanafunzi walioibuni prosesa wanahitimu, fedha za mradi zinakwisha, timu inahamia kwenye mchoro mwingine. Kinachobaki ni programu zilizoandikwa kwa ajili ya prosesa hiyo, na kwa mtu anayetaka kuchagua mchoro mmoja kati ya mingi, swali la kwanza lingepaswa kuwa hili: je, programu hizo zitapata mashine nyingine ya kuziendesha bila kuandikwa upya? Kwa kipimo hicho, prosesa za vekta zinazofuata kiwango rasmi cha RISC-V, seti ya maagizo ya prosesa iliyo wazi kwa wote, zinastahili kutangulia, prosesa huria za michoro (GPU) zinafuata, na zile zenye maagizo ya kujibunia, ambazo mara nyingi ndizo zenye namba za kuvutia, zinakuja mwisho.

Tuanze na kazi yenyewe. Chukua orodha mbili zenye namba elfu moja kila moja, ujumlishe ya kwanza ya huku na ya kwanza ya kule, ya pili na ya pili, mpaka mwisho. Prosesa ya kawaida italichota agizo la kujumlisha mara elfu moja na kulifasiri mara elfu moja. Katika kazi ya namna hiyo kujumlisha kwenyewe hula umeme kidogo. Umeme mwingi huishia katika kuchota na kufasiri maagizo. Ndiyo maana wabunifu tangu zamani wametafuta namna ya kutoa agizo moja likatosha kwa namba nyingi. Seymour Cray alilifanya hilo kwenye Cray-1 ya mwaka 1976: rejista zake nane za vekta, yaani za safu za namba, zilibeba namba 64 kila moja, na agizo moja lilizipitisha zote. Baadaye Intel ilileta njia nyembamba zaidi kwenye kompyuta za mezani. MMX ya 1997 ilikuwa na upana wa biti 64, SSE ya 1999 biti 128, AVX ya 2011 biti 256, kisha AVX-512 ikaingia kwenye chipu mwaka 2016. Kila hatua ilikuja na maagizo yake mapya, kwa sababu upana wa rejista umefungwa ndani ya agizo lenyewe. Programu iliyoandikwa kwa SSE iliendelea kufanya kazi kwenye mashine ya AVX, ila nusu ya kila rejista ililala mpaka mtu aketi na kuitengeneza upya programu hiyo.

Vekta za RISC-V zinaukwepa mtego huo. Programu haisemi rejista zina upana gani. Inasema tu imebakiwa na namba ngapi. Prosesa inajibu itachukua ngapi kwa mkupuo huo, inazifanyia kazi, kisha programu inapunguza hesabu na kuuliza tena. Ni kama foleni ya abiria kwenye kivuko: pantoni ikiwa kubwa safari zinapungua, ikiwa ndogo zinaongezeka, lakini hakuna abiria anayelazimika kukata tiketi mpya kwa sababu pantoni imebadilishwa. Kiwango kinaruhusu rejista moja ya vekta kufika biti 65,536, na programu iliyopita kwenye kompaila mara moja inaweza kuendeshwa na chipu yenye rejista za biti 128 na nyingine yenye za biti 4,096. Arm ilifikia wazo hilohilo na kulitangaza mwaka 2016 kwa jina la SVE, kuanzia biti 128 hadi 2,048, na kompyuta kuu ya Fugaku ya Japani, iliyoshika nafasi ya kwanza duniani Juni 2020, inatumia SVE ya biti 512. Kwa hiyo hatuzungumzii ndoto ya wasomi wa chuo kimoja. Tofauti ni kwamba SVE ni mali ya kampuni inayotoza leseni, ilhali kiwango cha RISC-V kinaweza kufuatwa na yeyote bila kumlipa mtu.

RISC-V yenyewe ilianza mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mikononi mwa Krste Asanović, Andrew Waterman, Yunsup Lee na David Patterson. Asanović alikuwa ameandika tasnifu yake ya udaktari juu ya prosesa za vekta mwaka 1998, hivyo vekta hazikubandikwa baadaye. Zilikuwa dhamira tangu mwanzo. Hata hivyo kiwango chake cha vekta kilikawia. Toleo 1.0 lilipitishwa mwishoni mwa 2021, baada ya rasimu nyingi zilizopishana kiasi cha kutoelewana. Na hapa ipo tofauti ambayo habari nyingi za teknolojia huichanganya. Kiwango kuwa wazi ni jambo moja, mchoro kuwa huria ni jambo jingine. Kampuni kama SiFive huuza prosesa zinazofuata kiwango cha RISC-V, lakini michoro yake ni siri ya biashara. Wapo pia wanaotoa michoro yao yote hadharani huku maagizo yake yakiwa hayafuati kiwango chochote. Nikilazimishwa kuchagua kimoja, nitachukua kiwango kilicho wazi. Mchoro wa siri unaofuata kiwango cha wote unaniachia programu yangu. Mchoro huria usiofuata kiwango unaniachia michoro nisiyo na kiwanda cha kuichapa.

Ushahidi wangu wa kwanza ni Ara, prosesa ya vekta iliyobuniwa na watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich. Karatasi yake ya kwanza ilitoka mwaka 2019. Ikiwa na njia 16 za kuhesabia na kukadiriwa kwa teknolojia ya nanomita 22, ilifikia hesabu bilioni 33 kwa sekunde za desimali zenye biti 64, na bilioni 41 kwa kila wati. Ilipozidisha matriksi za 256 kwa 256, vitengo vyake vya kuhesabu vilikuwa kazini kwa asilimia 97 ya muda, kiwango ambacho prosesa nyingi za kibiashara hazikifikii kirahisi. Lakini Ara hiyo ilifuata rasimu 0.5 ya kiwango. Toleo 1.0 lilipokaribia, timu haikuitetea kazi yake ya zamani, iliirudia. Namna ya kupanga baiti ndani ya rejista ilibadilika, na katika mashine iliyogawa rejista zake kati ya njia nyingi, badiliko hilo linagusa karibu kila kona ya mchoro. Mwaka 2022 Ara mpya ikatoka ikifuata 1.0. Kama namba za kilele ndizo zingekuwa jambo la maana, kazi hiyo ingekuwa hasara tupu. Waliifanya kwa sababu walijua kompaila za dunia nzima zingeandikwa kwa 1.0, na prosesa iliyobaki kwenye 0.5 ingekuwa kiziwi.

Ara ina udhaifu wake, na walioibuni wenyewe waliueleza. Inategemea prosesa ndogo ya kawaida, inayoitwa leo CVA6, kuipelekea maagizo, na prosesa hiyo haiwezi kutoa zaidi ya agizo moja kwa mpigo wa saa. Vekta zikiwa ndefu haidhuru, maana agizo moja linazishughulisha njia zote kwa mipigo mingi. Matriksi zikiwa ndogo, njia 16 zinamaliza kazi kabla agizo lijalo halijafika, na nguvu nyingi inakaa bure. Huko Berkeley, mwaka 2024, ilitoka prosesa nyingine huria iitwayo Saturn ambayo inashika njia ya kinyume: rejista fupi, vitengo vidogo, na ufundi mwingi wa kuunganisha maagizo ili moja lianze kabla lingine halijaisha. Mtu anaweza kubishana usiku kucha ni ipi bora, na jibu litategemea kazi. Kwangu la muhimu ni kwamba mabishano hayo yanaweza kufanyika kwa kutumia programu moja. Faili ileile inaendeshwa hapa na pale, tunapima, tunaamua. Ulinganisho wa haki kati ya michoro ya mabara mawili hauwezekani pasipo kiwango cha pamoja, na jedwali lolote linalolinganisha prosesa zenye maagizo tofauti linalinganisha pia, kimyakimya, ustadi wa watu walioandika programu.

Ushahidi wa pili unatokana na yale yaliyokwama. Kabla ya Saturn, Berkeley ilikuwa na Hwacha, prosesa ya vekta iliyosifiwa sana na kuchapwa kwenye chipu kadhaa za utafiti. Hwacha ilikuwa na maagizo yake ya pekee, nje ya kiwango, na namna yake ya kuchota kazi ya vekta ilikuwa ya werevu mkubwa. Leo anayeanza kazi mpya hapohapo Berkeley anaelekezwa Saturn. Mfano mkali zaidi ni wa T-Head, kampuni tanzu ya Alibaba. Oktoba 2021 ilifungua michoro ya prosesa kadhaa, mojawapo ikiwa C910, na kwa ukubwa na kasi huenda hakukuwa na mchoro huria wa RISC-V uliokaribia kiwanda kama huo. Vekta za ukoo wa prosesa hiyo zilifuata rasimu 0.7.1, na wiki chache baadaye toleo 1.0 likapitishwa, lisilopatana na rasimu hiyo. Chipu ya seva ya SG2042, yenye prosesa 64 za ukoo huohuo, ikaingia sokoni na vekta za 0.7.1. Silikoni ilikuwepo, umeme ulikuwepo, lakini programu za kawaida zilizotengenezwa kwa 1.0 hazikuweza kuzitumia vekta hizo, na waliozitaka walihangaika na kompaila maalumu mpaka toleo la 14 la kompaila ya GCC, la mwaka 2024, lilipoingiza msaada wa lahaja hiyo. T-Head yenyewe ilikwishakata shauri: prosesa yake iliyofuata, C908, inafuata 1.0.

Sasa tuje kwenye prosesa za michoro, zile ziitwazo GPU, maana msomaji yeyote anayefuatilia habari za akili unde atauliza kwa nini nahangaika na vekta wakati dunia nzima inanunua GPU. Ni swali la haki. GPU hugawa kazi kwa maelfu ya nyuzi ndogo zinazokwenda kwa makundi. Kundi zima hutekeleza agizo moja kwa wakati mmoja, na kumbukumbu ikikawia, kundi jingine linashika zamu. Panapotokea njia panda katika programu, baadhi ya nyuzi zikienda kulia na nyingine kushoto, upande mmoja hungoja. Mojawapo ya majaribio ya mwanzo ya kuiweka GPU hadharani lilikuwa MIAOW ya Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, mwaka 2015, iliyofuata sehemu ya maagizo ya AMD ya kizazi cha Southern Islands. Kuazima maagizo ya kampuni kuliipa programu za kuanzia, lakini AMD iliendelea na safari yake na MIAOW ikabaki kituoni. Vortex ya Georgia Tech, iliyotolewa katika karatasi ya 2021, ilichukua njia ya busara zaidi: ilianza na maagizo ya kawaida ya RISC-V na kuongeza machache tu, la kuzalisha makundi ya nyuzi, la kuzigawa na la kuziunganisha panapokuwa na njia panda, la kuzisubirisha, na mengine mawili. Ikiwa na viini 32 kwenye Stratix 10, ambayo ni FPGA, yaani chipu inayoweza kupangwa upya, kwa megahezi 200, ilifikia kilele cha hesabu bilioni 25.6 kwa sekunde, na inaendesha programu za OpenCL, kiwango cha wazi cha kuandikia programu za ukokotoaji sambamba. Kwa kufundishia namna GPU inavyofanya kazi ndani, sijui mchoro huria ulio bora kuliko huo.

Mtetezi wa Vortex atasema kwamba programu ya OpenCL inahama bila shida, kwa hiyo hoja yangu ya uhai wa programu imekwisha jibiwa. Atanikumbusha pia kwamba Nvidia haijawahi kuweka kiwango cha kudumu cha maagizo ya chipu zake. Maagizo ya ndani hubadilika kizazi kwa kizazi. Kinachodumu ni CUDA, mfumo wake wa kuandikia programu uliotoka mwaka 2007, pamoja na lugha ya kati ambayo kompaila ya kampuni huitafsiri kwa kila chipu mpya. Hoja hiyo ndiyo nzito kuliko zote, na sehemu yake naikubali: si lazima udumu uwe kwenye maagizo ya chipu, unaweza kukaa tabaka moja juu yake. Lakini tuulize nani analilipia tabaka hilo. Nvidia ina jeshi la wahandisi wanaoamka kila siku kuhakikisha programu ya zamani inaenda kwenye chipu ya leo. Mradi wa chuo kikuu una profesa, wanafunzi wachache wa udaktari na ruzuku yenye tarehe ya mwisho. Kompaila ya vekta za RISC-V inatunzwa ndani ya GCC na LLVM na watu wa kampuni na nchi nyingi ambao wengi wao hawajawahi kuisikia Ara. Ara ikifa kesho, wataendelea. Vortex ikifa, maagizo yake machache ya ziada yatahitaji mlezi mpya, na OpenCL peke yake haitamtafuta.

Pingamizi jingine linatoka Zurich kwenyewe. Timu ileile iliyozaa Ara ilizaa pia Snitch, mwaka 2020: kiini kidogo mno, cha takriban milango elfu kumi ya mantiki, kilichofungwa kando ya kitengo kikubwa cha hesabu za desimali. Siri yake ni nyongeza mbili. Ya kwanza inageuza rejista kuwa mfereji unaoleta data kutoka kwenye kumbukumbu bila agizo la kupakia. Ya pili inarudia fungu la maagizo ya desimali bila kulichota tena. Matokeo ni ufanisi wa umeme ambao prosesa ya vekta hutoa jasho kuufikia. Kutoka hapo wakajenga Occamy, yenye viini 432 kwenye vipande viwili vya silikoni vya nanomita 12, vikiwa na kumbukumbu ya kasi ya aina ya HBM2E pembeni. Ni uhandisi wa kuvulia kofia. Hata hivyo nyongeza hizo haziko kwenye kiwango, na ili kuzitumia vizuri mwandishi wa programu hulazimika kuandika kwa mkono au kutegemea kompaila ya maabara. Mtu mwenye kazi moja isiyobadilika, kwa mfano kifaa cha kuchuja mawimbi ya redio, na achukue Snitch bila kunisikiliza mimi. Lakini naona ina maana kwamba watafiti wa Zurich hawakuishia hapo: mwaka 2022 walitoa Spatz, kitengo kidogo cha vekta kinachofuata kiwango cha RISC-V, wakakiunganisha na viini vya Snitch. Waliojua faida za maagizo ya kujibunia kuliko mtu mwingine yeyote walirudi kutafuta njia ya kupata ufanisi huo ndani ya kiwango.

Kuna wanaosema kiwango hicho chenyewe ni kikubwa kupita kiasi. Kina maagizo kwa mamia, kinaruhusu rejista kadhaa kuunganishwa zikawa moja ndefu, na kukithibitisha ndani ya prosesa inayotekeleza maagizo nje ya mpangilio ni kibarua kizito. Kweli kabisa. Wengine wanasema programu ikihama haihami na kasi yake. Ile iliyopangwa vizuri kwa rejista ndefu za Ara inaweza kuchechemea kwenye rejista fupi. Hilo nalo ni kweli, na anayeuza kiwango cha vekta kama dawa ya kila kitu anadanganya. Ila programu inayokwenda polepole inaweza kurekebishwa kidogokidogo na mtu mmoja, sehemu baada ya sehemu, huku ikitoa majibu sahihi. Programu isiyokwenda kabisa ni kazi ya kuanza upya.

Zaidi ya hapo, hizi zote, vekta, GPU na Snitch, zinagonga ukuta mmoja ambao uhuria wa michoro hauuvunji. Turudi kwenye kujumlisha orodha mbili. Kila jumla ya desimali za biti 64 inahitaji kusoma baiti 16 na kuandika 8. Mashine yenye njia 16, kwa saa ya gigahezi 1, ingetaka kusafirisha gigabaiti 384 kila sekunde ili njia zake zisikae bure. Kumbukumbu ya kompyuta ya kawaida ya mezani haikaribii hapo. GPU ya H100 ya Nvidia hupata zaidi ya terabaiti 3 kwa sekunde kwa sababu imezungukwa na kumbukumbu ya HBM, na vitengo vya kuiunganisha HBM na prosesa kwa kawaida ni mali ya siri inayonunuliwa kwa bei kali. Mchoro huria unakupa bure sehemu ya kuhesabu, ambayo ndiyo rahisi. Kumbukumbu unabaki kuinunua. Jambo hilo haliibebi njia moja dhidi ya nyingine, lakini linanipa sababu zaidi ya kuangalia programu: mashine zitaendelea kubadilishwa kwa ajili ya kumbukumbu, na programu itapaswa kuzivuka zote.

Kuhusu viwanda sina la kurefusha. Google na SkyWater walifungua mwaka 2020 vipimo vya kiwanda vya nanomita 130, teknolojia ya mwanzoni mwa karne hii, na kampuni ya Efabless iliyowasaidia wengi kuchapa chipu kwa njia hiyo ilifunga mwaka 2025. Kwa idara nyingi za uhandisi, za kwetu zikiwemo, michoro huria itaishi kwenye FPGA na kwenye programu za kuigiza. Nyeri, penye Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, ipo kampuni ya Semiconductor Technologies Limited, lakini haitachapa mshindani wa H100, na hakuna aliyeitaka ifanye hivyo. Hali hiyo haidhoofishi hoja yangu. Mwanafunzi wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam anayejifunza kuandika programu za vekta juu ya Ara iliyoigizwa kwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuichukua programu ileile na kuiendesha kwenye chipu halisi inayouzwa leo: K230 ya Canaan, iliyotoka 2023 ikiwa na kiini cha C908, au K1 ya SpacemiT yenye viini vinane na rejista za vekta za biti 256, inayopatikana kwenye ubao wa Banana Pi BPI-F3. Anayejifunza maagizo ya Snitch, au maagizo ya ndani ya Vortex, anapata elimu nzuri ya usanifu, lakini dukani hakuna cha kununua kitakachoiendesha kazi yake.

Labda utasema siasa zitakiharibu kiwango hiki cha pamoja. Mwaka 2023 wabunge kadhaa wa Marekani walitaka serikali yao ibane ushiriki wa makampuni ya nchi hiyo katika RISC-V, kwa hofu ya China. Shirika linalosimamia kiwango lilikwisha hamia Uswisi tangu 2020. Wakati huohuo Chuo cha Sayansi cha China kinaendeleza XiangShan, mojawapo ya prosesa huria zenye nguvu zaidi zilizopo, na kizazi chake cha Kunminghu kina vekta za toleo 1.0, lilelile linalofuatwa na Saturn ya Berkeley. Vikwazo vinaweza kuzuia chipu, mashine za viwanda na hata watu. Kiwango kilichokwisha chapishwa na kuingizwa kwenye kompaila za dunia ni vigumu kukirudisha kabatini.

Kwa idara inayoanza, basi, pendekezo langu ni hili. Ara ichukuliwe kwa utafiti wa vekta ndefu na hesabu za kisayansi, Saturn kwa vifaa vidogo, na Vortex iwe darasani kwa ajili ya kuifahamu GPU. Snitch iachiwe wenye kazi maalumu na subira ya kutunza kompaila yao wenyewe. Nao wanaotoa fedha za umma, hapa na kwingineko, wabadilishe fomu zao za maombi: mradi wa prosesa huria ya ukokotoaji sambamba utakiwe kuonyesha, kabla ya jedwali la kasi, programu ambazo unaziendesha bila kuzigusa, pamoja na prosesa nyingine angalau moja, iliyobuniwa na timu nyingine, inayoziendesha programu hizohizo.